Jiko la Usawa wa Kifua

Naapa kwa mvua ya masika na kwa meno niliyobakiza: humu hakuna hata punje ya chumvi. Asiyeamini aje Nyakitonto, amuulize mtu yeyote isipokuwa mke wangu.

Mwalimu Vestina wa shule yetu aliwaunganisha wanafunzi wa darasa la sita na watoto wa Ureno kwa kompyuta. Kila upande ubuni kitu cha kuokoa miti. Kwanza umuulize mwenye shida, ndipo uchore, utengeneze kwa vitu vya bure, ujaribu, kikishindikana urudie. Wetu wakachagua jiko la kuni chache. Mwalimu mkuu naye akaahidi: siku jiko hilo litakapoivisha ugali mbele ya Wareno, wanafunzi hawatabeba tena kuni kuja shuleni.

Ndayikeza, binti mwenye shingo iliyochoshwa na matita, akaja kwangu na wenzake. Watoto wana adabu: hawakupitia jikoni kwa mke wangu, Immakulata. Maswali ya nyumba huulizwa mwenye mji.

"Shikamoo babu. Shida kubwa ya kupika ni nini?"

Mimi nimestaafu kazi ya ghala la mgao wa chakula kule kambi ya wakimbizi ya Nduta; jikoni naingia kutafuta chumvi tu. Lakini mgeni kauliza, nimwambie sijui?

"Mgongo!" nikasema. "Kuinama, wajukuu zangu. Kambini nilipikia watu elfu kumi kwa njiti moja ya kiberiti, maana jiko langu lilikuwa juu, hapa kifuani. Moto ukikaa juu unaona aibu kula kuni nyingi."

Wakachora palepale.

Ijumaa, jiko la udongo likasimama uwanjani kama mimbari, Wareno wamejazana kwenye skrini. Immakulata akaitwa asonge ugali wa muhogo. Akaitazama sufuria iliyomfika kidevuni.

"Nani kawaambia ugali unasongwa kama mtu anayepaka rangi dari?"

Wakamletea dawati, akapanda. Sasa ugali wa muhogo unataka ukae chini, ubane sufuria kwa miguu, usukume mwiko kwa mabega. Kule juu sufuria ikayumba mara moja, ikashuka na vyote. Mbwa wa mlinzi akashukuru.

Ndayikeza akabana midomo asilie. Kule Ureno binti mmoja akauliza, Mwalimu Vestina akatafsiri: "Mliyemuuliza, kwa wiki hupika mara ngapi?"

Macho yote kwangu.

"Huyu?" Immakulata akacheka hadi akashuka dawatini. "Huyu hajui hata mafiga ni mangapi!"

"Manne," nikajibu haraka.

Uwanja ukaangua kicheko. Wareno nao, walipotafsiriwa.

Mwalimu mkuu akawapa wiki nyingine. Safari hii watoto wakakaa chini jikoni kwa Immakulata, wakamtazama anavyopika, ndipo wakauliza. Kabla hawajaondoka, Ndayikeza akanijia, mikono kiunoni.

"Babu, wiki hii uliyotuongezea, kuni zetu za shule atabeba nani?"

"Ningebeba, mjukuu wangu, ila goti hili liliwahi kutafunwa na simba wa pori la Moyowosi..."

"Goti lipi?"

Nikachelewa kuchagua.

Basi ukinikuta asubuhi barabarani na tita kichwani, darasa zima la sita likinifuata mikono mitupu huku likiimba, usiniulize habari za simba. Nipishe njia tu, shingo inauma.