Sapatu za Kuvuka Ua

Waliokuja kunipa pole waliniambia mpango wa Mungu haupingwi. Haya, sipingi. Ninachopinga ni ubishi wangu mwenyewe, na huo hakuna aliyenipa pole kwa ajili yake.

Mdogo wangu na mimi tumefanya kazi ya sufu miaka kumi na tisa, chumba kimoja, ng'ambo ya ua wetu. Mimi nafuma sapatu. Yeye alikuwa akitengeneza wanyama: anachukua bonge la sufu, analidungadunga kwa sindano yenye meno mpaka linashikana, ukija kugeuka unakuta tembo anakutazama. Wanyama wake walikuwa na sura za majirani. Mwenye nyumba wetu alinunua kiboko akamsifia kweli kweli, asijue kwamba ni yeye mwenyewe. Siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha figo zikamgomea. Daktari alisema tumrudishe nyumbani tumtunze, na aliposema hivyo hakututazama usoni. Mdogo wangu hakulia. Aliomba kitu kimoja tu.

"Dada, nataka kukaa kwenye kiti changu kule kazini. Siku zilizobaki nizimalize nimeshika sufu, nimechoka kutazama dari."

Kutoka kitandani kwake hadi chumba cha kazi ni hatua thelathini. Lakini ua wetu ni kokoto tupu, na miguu yake ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii. Binti yake, ambaye ana nguvu za kubeba gunia, akasema atambeba.

"Thubutu!" mdogo wangu akasema. "Nitabebwa siku moja tu, na siku hiyo sitaulizwa."

Nikamwambia asijali. Kesho kutwa atavuka ua kwa miguu yake, na sapatu zangu.

Asiyeijua kazi hii ajue hivi: sapatu hizi hufumwa kubwa mno, utadhani za jitu. Halafu unazitia kwenye maji ya moto na sabuni, unasugua, unasugua, mpaka sufu inasinyaa na kushikana. Mwisho unazivisha kwenye kalibu, yaani mguu wa mti, zikauke na umbo lake. Sufu ikishasinyaa imesinyaa. Kupunguza unaweza, kuongeza huwezi, hata ulie machozi ya damu.

Kalibu ya mdogo wangu ilikuwepo rafuni, seremala aliichonga mwaka tulioanza kazi. Binti yake akaniletea uzi. "Mama mkubwa, nimempima mama leo asubuhi. Fuata huu."

Niliutazama ule uzi nikapandwa na hasira. Ulikuwa mrefu kupita kiasi. "Mimi nilikuwa namvisha mama yako viatu wewe hujazaliwa," nikamwambia. "Leo ndiyo unifundishe mguu wake?" Nikautupa kwenye kapu la mabaki.

Niseme kweli: niliogopa. Kuufuata ule uzi ilikuwa ni kukubali kwamba ile miguu haitarudi kuwa kama zamani, na mimi nilikuwa sijakubali. Nilisugua mpaka sapatu zikakaa kwenye kalibu sawasawa.

Nikampelekea. Akazishika, akazigeuza, akasema, "Umezipatia, dada." Vidole viliingia, kisigino kikagoma. Nikasukuma. Aliuma midomo. Nilipoondoa mkono, kidole gumba changu kilikuwa kimeacha shimo kwenye nyama ya mguu, na shimo lile halikujaa.

"Zikate tu huku nyuma," akasema. "Hii haifumuki, wewe mwenyewe unajua. Lete mkasi, twende zetu."

Ni kweli, sufu iliyoshikana ukiikata haifumuki. Na mkasi ulikuwa mfukoni mwangu.

"Nikate kazi yangu? Utembee na matambara miguuni? Nipe siku tatu, nitakufumia nyingine."

"Dada, siku tatu ni nyingi."

"Haraka haraka haina baraka," nikamjibu. Mimi huyu, kwa mdomo wangu huu.

Nikajifungia na kazi. Siku ya kwanza aliniita kupitia dirisha la chumbani kwake, akataka tu kujua natumia rangi gani. Siku ya pili akaita, "Dada, njoo basi tupige soga kidogo." Nikapaza sauti, "Nikimaliza!" Siku ya tatu nilikuwa nasugua, viganja vimechubuka, binti yake amekwenda kufuata dawa, mara nikasikia kokoto.

Alikuwa uani, peku, ameshikilia ukuta. Alikuwa amekwisha kwenda hatua ishirini.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Zimebaki kukauka tu!"

Hakurudi. Nilimkimbilia na mapovu mikononi, akaniegemea, mikono ikateleza, tukaanguka wote wawili. Aliketi pale kwenye kokoto anahema, nyayo zinatoka damu, macho yake kwenye mlango wa chumba cha kazi. Ulikuwa wazi. Kiti chake kilionekana.

"Nilikuwa naona upweke," akaniambia.

 Binti yake alirudi akamkuta amezimia, akambeba kumrudisha kitandani. Kesho yake mchana akakata roho.

Kabla wanawake wa kumwosha hawajafika, nilizichukua zile sapatu mpya, zimeshakauka, ambazo safari hii nilizifuma kwa kipimo cha ule uzi niliouokota kapuni, nikamvisha. Ziliingia bila kusukuma. Zilimkaa vizuri kuliko sapatu yoyote niliyowahi kufuma.

Nilipoinua macho, binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikuja, akamvua mama yake sapatu ya mguu mmoja, kisha ya wa pili, taratibu, akaziweka sapatu mikononi mwangu.

"Mama mkubwa," akasema, "yeye alikutaka wewe."