Mto Uliolazwa

Hapana, uchoraji hakusomea, nani kakwambia? Binti yangu alikuwa fundi rangi, wa milango na mageti, mpaka kucha zake zikasahau rangi yake. Ule mlima kamchorea mama yake. Mke wangu alipopooza upande akawa wa kitandani tu, na dirisha letu lilitazama nini? Ukuta wa jirani. Basi akawa anaimba wimbo wake wa kufulia, wa mlima wenye mvua kileleni, mto chini yake, na njia nyekundu ya kwenda kwao. Nusu mdomo, lakini anaimba.

Binti akasema, baba, huo wimbo nitamwekea ukutani humu chumbani. Kila akitoka kazini anachora, na mabaki yake ya makopo, rangi ya mafuta ile. Bluu hakupata. Mto ukawa kijani cha milango ya hospitali.

"Mwanangu," mama yake akauliza, "mto huu umelazwa?"

Tulicheka, we!

Sasa mwenye nyumba, tulimwita Kufuli. Siku hiyo binti karudi hoi, bosi kaikataa rangi ya geti, kamfanya alirudie lote. Kiatu hajavua, Kufuli huyo na ndoo ya chokaa.

"Nani kakuruhusu kunichafulia ukuta?"

"Mama hana pengine pa kutazama, mzee."

"Si kuna dari? Paka nikiona, au fungeni virago."

Nikafungua mdomo, mke wangu akanikata jicho. Kweli, tungelala wapi? Binti akapaka. Kilele, njia, mto, kweupe pee kama sanda. Mama yake kafumba macho, wimbo kaumeza. Kufuli akatikisa kichwa kuridhika, akaenda zake.

Chakula kimeshaiva, kinapoa, hakuna anayekigusa. Binti kasimama tu. Mara akachovya tambara majini, akapitisha ukutani. Pale alipofuta, chokaa ikatoka yote!

"Chokaa haishiki juu ya mafuta, baba. Angeniuliza, ningemwambia."

"Na kesho akirudi?"

"Nitapaka. Akiondoka, nitafuta. Ndiyo kazi yangu hiyo, kurudia."

Akafuta kilele, akafuta njia, mkono ukamchoka. Akalitupa tambara.

"Na mgonjwa?" mama yake akasema, jicho moja wazi. "Utamwacha ndani peke yake?"

Binti akaliokota tena, akautoa mto. Ndipo tukamwinua mama, tukamwegemeza mito miwili, uso kwa mlima wake. Tukasogeza sufuria, tukanawa, tukaketi kula.