Kilo Mia Mbili za Kusubiri Ukungu

Ukungu wa visiwa vya Matsu mwezi wa nne hauna adabu. Unaingia uwanja wa ndege bila hodi na unaweza kukaa siku tatu. Kwa hiyo asubuhi ile Taipei, rubani msaidizi Hsieh Pei-lan alipanga mapema: mafuta ya kwenda kisiwani, mafuta ya kurudi, na kilo mia mbili zaidi za kuzungukia juu kama itabidi kusubiri.

"Mafuta nimeshayaangalia, mdogo wangu, yametimia," alisema Kapteni Kuo. "Wewe kakague magurudumu kabla mvua haijatulowesha."

Pei-lan akatia sahihi karatasi ya mafuta bila kutazama mshale wa kipimo. Mkubwa akishasema ameangalia, mdogo kwenda kuangalia tena ni kumvunjia heshima. Na Kuo ndiye aliyemfunza miaka mitatu, akimmegea maandazi yake ya mvuke na kumwambia kila safari: "Tugawane kazi. Mmoja ashike ndege, mwingine abakize nafasi kichwani ya kufikiria mabaya. Hata hicho chako kigumu kitafaa."

Mwezi ujao Pei-lan alikuwa na mtihani wa ukapteni. Barua ya kumpendekeza ilikuwa mikononi mwa Kuo.

Mbele ya viti vyao ilikaa pakiti ya kijani ya bisi, hirizi ya marubani, isiyoliwa na mtu, ili mashine isilete ukorofi. Huko chini, kisiwa kilifunikwa na weupe kama wa uji wa mchele.

"Uliza upepo," Kuo alisema. "Tangazia abiria. Soma orodha ya kutua. Uliza upepo tena."

"Nimeuliza mara mbili, Kapteni."

"Uliza ya tatu, mdomo huo unalipwa mshahara!"

Pei-lan akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Kuo hakuwa mtu wa kumrundikia mwenzake kazi. Akainua macho hadi kwenye mshale wa mafuta.

"Kapteni, kilo mia mbili zangu ziko wapi?"

"Soma orodha."

"Ziko wapi?"

"Shemeji yangu ana karamu hekaluni huko Matsu. Nimempakilia kreti za mapera. Uzito ungezidi, nikapunguza mafuta... Nilijua ukungu utafunguka."

Kumbe upepo wa kuulizwa mara tatu ulikuwa wa kumziba macho. Lile lilimchoma kuliko ukungu wenyewe.

"Hatuwezi kusubiri hata dakika tano. Tunarudi," alisema Pei-lan, na kabla hajajibiwa akawaambia watu wa mnara wa kuongozea ndege. Kuo akageuza ndege.

Walitua Taipei jua likiwaka. Abiria walishuka wakinung'unika, hawajui walichoepuka.

Ofisini Kuo alimletea maziwa ya soya ya moto, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayemkirimu mkubwa wake.

"Andika kwenye ripoti kuwa ulikosea hesabu ya mafuta, mdogo wangu. Wewe bado kijana, watakukaripia wiki moja yaishe. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Na barua yangu?"

"Nitakuandikia nzuri sana."

Pei-lan alimtazama usoni, akimtafuta yule wa maandazi. Kisha akaandika: Kapteni alipunguza mafuta bila kuniambia. Mimi nilitia sahihi bila kutazama.

Akaigeuza karatasi ili Kuo aisome kwanza, akangoja mpaka mstari wa mwisho, ndipo akainuka kuipeleka kwa mkuu wa marubani. Maziwa aliyaacha mezani, yameshaanza kufanya utando.