Kumpita Mgeni Rasmi

Mwalimu Eliaichi hakuwa mtu wa kugombana, lakini Barabara ya Kilwa ilikuwa imemfundisha matusi ambayo mama yake, mlokole wa Machame, angeyasikia angeingia kwenye mfungo. Kila Jumamosi alitoka Temeke na klabu yake ya baiskeli, na kila Jumamosi malori ya makontena yaliwasukuma pembeni mpaka mtaroni. Ndiyo maana siku alipoiona barabara ya Mkondoni alisimama kando yake akacheka peke yake.

Barabara hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Mikoko ya Mkondoni, pale mto unapoingia baharini. Ni lami nyembamba ya zamani, iliyowekwa kwa ajili ya magari ya chumvi. Biashara ya chumvi ilikufa, lami ikabaki. Inazunguka mlango wote wa mto, mikoko upande huu, maji upande ule, yangeyange wamesimama kwa mguu mmoja bila wasiwasi wowote. Hakuna lori, hakuna honi. Kwa muda mrefu Eliaichi alimbembeleza Margareta, askari mkuu wa hifadhi, mwanamke aliyependa kaa kuliko watu na wala hakuficha. Margareta alimruhusu kuizunguka kwa miguu tu. Eliaichi akaizunguka kwa miguu, tena na tena, akiota siku ya kuizunguka juu ya tandiko.

"Haya," Margareta alisema mwishowe. "Njooni na baiskeli zenu. Lakini tope lile la kando ya lami ni nyumba za kaa. Tairi la klabu yenu likigusa tope, hata mara moja, lango nalifunga na msinijie tena."

Watu wenye akili timamu wangesema asante, wakapanda baiskeli, wakaenda zao. Lakini sisi hatufungui hata choo cha shule bila mgeni rasmi. Klabu ikaunda kamati ya uzinduzi, kamati ikazaa kamati ndogo ya itifaki, na kamati ndogo ikamleta Wilfred, mtaalamu wa itifaki, amevaa suti ya Kaunda na filimbi shingoni.

"Kanuni ni moja," Wilfred aliwaambia. "Mgeni rasmi hatanguliwi. Awe anatembea, awe anakula, awe anapiga chafya, hakuna wa kumtangulia."

"Sasa braza, kwenye baiskeli itakuwaje?" aliuliza Marselino, mchonga vinyago wa kutoka Newala, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu. "Maana sie tunakwendaga mbio."

"Mtakwenda mwendo wa mgeni rasmi."

Mgeni rasmi alikuwa Mzee Theonest wa Mbezi Beach, mstaafu wa cheo kikubwa ambacho hakuna aliyekikumbuka vizuri ila kila mtu alikiheshimu. Ratiba ilisema atakata utepe, ataendesha baiskeli mpaka kibao cha kwanza, hatua chache tu, atashuka, atakaa chini ya turubai na kunywa soda. Hapo ndipo klabu ingeruhusiwa kuizunguka barabara. Eliaichi alikuwa amepaka mnyororo mafuta mpaka ukang'aa, na usiku wa kuamkia uzinduzi hakupata usingizi kwa furaha.

Siku ikafika. Matarumbeta yakalia, risala ikasomwa, itifaki ikazingatiwa mpaka watu wakaanza kusinzia. Mzee Theonest akapanda baiskeli mpya, dereva wake na mtunza bustani wake wamemshikilia tandiko huku na huku. Utepe ukakatwa. Wale wawili wakamsukuma, kisha wakachomoka mbio kutaka kutangulia mbele yake, Wilfred akawapulizia filimbi.

"Nyie! Mnakwenda wapi mbele ya mgeni rasmi?"

Dereva alifungua mdomo aeleze. Filimbi ikalia tena, akaufunga.

Mzee akafika kwenye kibao cha kwanza. Watu wakapiga makofi. Mzee akakipita kibao. Watu wakapiga makofi zaidi, ila safari hii wakitazamana.

"Mheshimiwa ameamua kuendelea!" Wilfred akatangaza. "Msafara!"

Basi msafara ukaondoka. Mbele kabisa Mzee Theonest, mgongo umenyooka, hageuki kushoto wala kulia. Nyuma yake Wilfred kwa miguu, kisha klabu nzima juu ya baiskeli za mbio, zikienda polepole kiasi kwamba kila baada ya muda mtu alianguka ubavu, puu, akaamka na kupangusa magoti. Nyuma yao bajaji imebeba wapiga matarumbeta, na nyuma ya bajaji MC juu ya pikipiki na kipaza sauti. Margareta alitembea pembeni kwa miguu, mikono mgongoni, wala hakuachwa. Eliaichi alikuwa ameshapandwa na hasira. Ndiyo kwanza anaipata barabara yake, na anaiona kupitia mgongo wa mzee.

Walipofika kwenye njia panda, roho ikamruka. Barabara inakwenda kushoto. Kulia kuna kipande cha lami kinachoteremka kwenye gati la zamani la chumvi, na gati lenyewe halipo siku hizi. Lami inaisha, tope linaanza. Mzee Theonest akashika kulia.

"Kushoto!" Eliaichi akapiga kelele. "Mzee, kushoto!"

"Shii!" Wilfred alimkaripia. "Mgeni rasmi hapotei."

"Huko hakuna barabara!"

"Basi itabidi iwepo."

"Mgeni rasmi amechagua kulia!" MC akanguruma. "Tumpongeze kwa maamuzi magumu!" Wakampongeza. Trombone ikapiga salamu.

Mteremko ukamchukua mzee. Sasa baiskeli ilikuwa inakimbia kweli, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alifungua kinywa.

"Jamani!"

"Anatusalimia," alisema Wilfred. "Mwitikieni."

"Jamaniii!" msafara ukaitikia kwa furaha.

Lakini Eliaichi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na aliijua sauti ya mtu anayesalimia na sauti ya mtu anayetaka kulia. Akakanyaga pedeli. Akampita Marselino, akampita Wilfred, na mbele ya macho ya kamati nzima akampita mgeni rasmi.

Matarumbeta yakanyamaza katikati ya wimbo. Marselino akajifunika uso. Wilfred akapuliza filimbi mpaka ikawa inatoa mate tu. Eliaichi hakugeuka. Alifika mwisho wa lami, akairuka baiskeli ikiwa bado inakwenda, akasimama akatanua mikono kama mama anayemdaka mtoto anayejifunza kutembea. Mzee Theonest akamwingia kifuani na uzito wake wote. Mzee akabaki kwenye lami. Eliaichi akalala chali kwenye tope, na pembeni yake baiskeli yake, gurudumu la mbele limezama mpaka kwenye ekseli. Kaa mmoja akatoka kwenye shimo lake, akanyanyua gando, akarudi ndani.

"Asante, mwanangu," mzee alisema akihema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mie sijui kusimama."

"Hujui kusimama?"

"Nyumbani wale vijana wawili huwa wananidaka. Nilimuuliza dereva, hivi kusimama ni vipi? Akaniambia, 'Mheshimiwa, wewe endesha tu, kusimama ni kazi yetu.'"

Eliaichi alitaka kucheka. Kisha akamwona Margareta amechuchumaa, anatazama gurudumu lililozama.

"Tairi la klabu," alisema Margareta.

Wilfred akajitokeza akikohoa. Alipendekeza kwamba, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anaelekea pale, tope lile lihesabiwe kuwa sehemu ya barabara kuanzia asubuhi hiyo.

"Hawa kaa sijawaona kwenye kamati yenu," alisema Margareta.

"Tairi hilo ni langu," alisema Mzee Theonest.

"Shikamoo mzee, lakini la kwako naliona hapo kwenye lami. Bado linazunguka."

Eliaichi aliwatazama wenzake waliosimama mteremkoni, magoti yamechubuka. Aliwajua. Jumamosi ijayo wangerudi mtaroni, chini ya malori. Akavua fulana ya klabu juu ya singlendi yake, akaikunja na tope lake lote, akampa Marselino.

"Mie si mwanaklabu," alimwambia Margareta.

"Tangu lini?"

"Tangu pale juu. Kabla tairi halijagusa."

Margareta aliitazama fulana mkononi mwa Marselino. Alikuwa mkali, lakini hakuwa dhalimu.

"Basi klabu ipite," alisema. "Wewe chukua baiskeli yako utoke. Na usirudi."

Marselino alitaka kubisha. Eliaichi akamwambia aache ujinga, aende. Akaisukuma baiskeli yake mpaka nje ya lango, na Mzee Theonest akamfuata kwa miguu, kofia ya baiskeli mkononi. Wakakaa kwenye viti vya plastiki vya sherehe, Eliaichi ananuka tope. Eliaichi alilia bila kujificha. Mzee hakujua la kufanya, akamfungulia soda yake.

Simu ikaita. Alikuwa Marselino.

"Mwalimu, sie tumefika kwenye daraja la mbao. Hapa tunapitaje?"

"Kaeni kulia, mbao za kushoto zimeoza. Msishuke. Mkivuka kuna mzizi umepasua lami, inueni gurudumu. Halafu kona kali, barabara inageukia baharini."

"Tumeiona. Halafu?"

Eliaichi alifumba macho.

"Halafu acheni kukanyaga."

"Wako wapi sasa?" mzee alinong'ona.

"Penye upepo, mzee. Pale upepo unakushika mgongoni, unakusukuma wenyewe mpaka mwisho."

Ndani ya simu zikasikika kelele, watu wazima wanashangilia kama watoto, na minyororo inalia. Marselino alicheka, akapiga mluzi, akasahau kukata. Eliaichi akaendelea kuishika simu sikioni.