Paka Aliyetolewa Nyongeza

Muuza maharage alikuwa amepiga magoti sakafuni, ungo mbele yake, akichambua mawe kabla ya kwenda sokoni. Binti yake alisimama kando, sare ya shule imepigwa pasi upande mmoja tu kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kazi.

“Mama, nisikilize. Akitokea, atajiita Bingwa wa Zizi. Ataweka twiga mwenye taji. Wewe unaweka sungura wawili na kobe. Ukishamwona twiga, unabonyeza hapa penye kijani. Basi.”

“Sungura wawili na kobe.”

“Usiguse kingine.”

“Nimesikia, mwanangu. Kwani mimi biashara nimeanza jana?”

Binti akacheka. Kidogo, kwa pua, lakini alicheka. Mama akainamia ungo haraka, asije akaonekana alivyofurahi.

Tangu baba yake aje kuchukua nguo zake na redio, mtoto huyu alikuwa amefunga mdomo. Ukimuuliza kama amekula, “eh.” Ukimuuliza habari za shule, “kawaida.” Majirani wakambandika jina la Kimya, na mama yake akawa anawanunia mmoja mmoja kila wakilitaja.

Kilichomfungua mdomo ni mchezo wa kwenye simu. Simu yenyewe ni ya mama, wanaitumia wote wawili, na jioni moja mama alichungulia akaona wanyama wamejipanga kwenye nyasi.

“Hawa wanakula nini?”

“Hawali kitu, mama. Wanasimama tu.”

“Kama baba yako basi.”

Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. Kuanzia siku hiyo akawa anaeleza, mama anasikiliza.

Mchezo wenyewe ulikuwa bure kabisa. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga mpira. Wanyama wanapepesa macho, mwisho wa habari. Waliouunda hawakujisumbua hata kuwapa mwendo. Walichora mnyama mmoja, wakambadilisha rangi, wakamvika kofia, wakamwita mpya. Kazi ya mchezaji ni kubadilishana tu: nipe yule nikupe huyu. Na ukitaka kwenda haraka, unanunua sanduku kwa hela halisi, ulifungue uone umebahatisha nini. Binti hakuwahi kununua hata moja. Zizi lake lote alilijenga kwa kubembeleza na kusubiri, na darasani mwao, ambako viatu vyake vilikuwa vinachekwa, zizi hilo liliheshimiwa.

Twiga mwenye taji alikuwa anamtafuta muhula mzima. Bingwa wa Zizi alikuwa naye, lakini huingia mchezoni mchana tu, na mchana binti yuko darasani, simu marufuku. Ndipo akamwomba mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba jambo tangu baba aondoke. Angemwambia ahamishe kilima, mama angetafuta jembe.

Sokoni jua liliwaka. Bei ya gunia ilikuwa imepanda tena, na kila mteja alimtazama muuza maharage kana kwamba ndiye aliyeipandisha.

“Dada, hii kilo ni ya maharage au ya dhahabu?”

“Ya maharage, kaka. Ningekuwa na dhahabu ungenikuta hapa nimekaa juani na wewe?”

Muuza vitunguu wa meza ya pili akaangua kicheko, mteja naye akacheka, akanunua nusu. Mama akapima kwenye mizani, akamimina kwenye mfuko. Mteja hakuondoka. Alibaki ameachamisha mfuko, na mkono wa mama ukachota konzi moja zaidi bila kuamriwa na mtu. Hiyo ndiyo nyongeza. Usipotoa, kesho mteja anapita kwako akitazama mawinguni. Na muuza vitunguu naye hana budi kutupia kimoja, ila huchagua kile kidogo kilichonyauka.

Simu ikalia. Bingwa wa Zizi.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu kama yai. Twiga akatokea, taji kichwani. Akaweka sungura wa kwanza, wa pili, akaweka kobe. Kidole kilikuwa kinaelekea penye kijani pale maneno yalipoingia: “Ongeza kidogo basi.”

Hakufikiri hata kidogo. Angewezaje kufikiri? Miaka yote hiyo hajawahi kumwacha mteja aliyeachamisha mfuko. Akapekua zizi. Wenye mabawa, hapana. Mwenye mkia wa moto, hapana, huyo mali. Pembeni kabisa akaona paka wa kijivu, hana kofia, hana taji, hana chochote, kachorwa kama kwa mkaa.

“Kitunguu kilichonyauka,” akasema moyoni. Akamweka, akabonyeza.

“Asanteee,” Bingwa akaandika, akayeyuka.

“Nimemridhisha mteja,” mama akamtambia muuza vitunguu. “Mtoto wangu leo atalala anacheka.”

Hazikupita dakika nyingi, simu ikaanza kulia mfululizo. Kwenye baraza la wachezaji Bingwa alikuwa ametangaza: “Nimepewa Paka wa Mwanzo BURE!” Chini yake vicheko, matusi, na watu wakimwuliza ni mjinga gani huyo. Mama alisoma polepole, neno kwa neno. 

Akamwandikia Bingwa: “Mwanangu, nimekosea. Huyo paka ni wa binti yangu, nakuomba sana.” Ujumbe haukwenda. Bingwa alikuwa ameshamfungia. Akawaandikia wenye mchezo. Jibu likaja papo hapo, maana hakuna mtu aliyeliandika: “Mabadilishano yaliyokamilika hayarudishwi. Umeshajaribu Sanduku la Bahati?”

Alikuwa bado ameinamia simu pale kivuli kilipoangukia maharage. Mkaguzi wa soko.

“Mama, hii mizani haina muhuri wa mwaka huu.”

“Mzee, huo muhuri nimeufuata ofisini mpaka mlinzi amenizoea. Kila nikija naambiwa mwenye muhuri yuko safari.”

“Hilo halinihusu. Mwenye muhuri hayupo, lakini sheria ipo.”

“Sasa mimi nifanyeje?”

“Usubiri arudi.”

Akaikumbatia mizani, akaenda nayo. Muuza vitunguu alifyonya kwa sauti, lakini alisubiri mkaguzi afike mbali kwanza, maana mizani yake nayo haikuwa na muhuri, alikuwa ameificha chini ya gunia.

Jioni binti aliingia anakimbia, mkoba unamgonga mgongoni.

“Twiga amekuja?”

“Amekuja. Kaa kwanza.”

“Leta simu!”

“Kaa, mwanangu.”

Mama akamweleza yote: ile nyongeza, yule paka, ujumbe uliokataa kwenda. Binti alipekua zizi mara mbili, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

“Yule walimtoa siku ya kwanza tu,” akasema. “Hatoki tena. Darasa zima hakuna mwenye naye.”

“Mbona hawakumvika hata kofia?”

“Wakati ule walikuwa hawajafikiria kofia, mama. Ndiyo thamani yake.”

Akageukia ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Mama akauona ule mdomo unafungwa tena mbele ya macho yake, na hakujua wa kumwomba.

“Nitanunua hilo sanduku lao.”

“Ndani hamna kitu. Wanatia wanaozubaa tu.”

“Basi nitamtafuta huyo Bingwa…”

“Mama, acha.”

Mama akaacha. Akawasha jiko. Nyuma yake akamsikia binti anainuka, anajipangusa pua, anakwenda kwenye mzigo wa sokoni kutoa vyombo kama ilivyo kazi yake ya kila jioni. Ungo ukatoka, gunia likatoka. 

“Mizani iko wapi?”

“Imechukuliwa.”

“Na nani?”

“Mkaguzi. Mchana, baada ya yule paka.”

“Kesho utapimia nini?”

“Nitaona. Kikopo kipo.”

Binti alibaki ameshika gunia tupu. “Wamekuchukulia mizani, halafu wewe unanieleza habari za paka wa kuchora?”

“Mizani ni yangu,” mama akasema bila kugeuka. “Paka alikuwa wako. Uliniachia nikuangalizie.”

Simu ikalia kitandani. Wenye mchezo walikuwa wanatangaza Sanduku la Pole, bei imepunguzwa leo tu. Binti aliisoma, akaifunika na mto. Akaja akachuchumaa karibu na jiko, bega lake likagusa la mama.

“Alisemaje huyo mkaguzi? Anza mwanzo, usiruke kitu.”

Mama akaanza mwanzo. Alipofika pale mkaguzi alipoikumbatia mizani, binti alitamka neno ambalo siku nyingine lingemletea kofi. Mama akajifanya hakulisikia, akaendelea kusimulia.