Kitambaa Kichwani

Chumba cha betri za sola kilikuwa kimya kama mtu aliyesinzia. Jua la alasiri liliingia dirishani, vumbi likaelea ndani yake polepole, hata nikasahau kidogo kwamba nimekuja nimekasirika kwa kuitwa ghafla. Mama mkubwa aliponipigia simu kwamba betri yake ina joto, nilimwambia, kwa lugha yetu mafundi, "Hicho kichwa cha betri kinachemka, kiangalie mpaka nije."

Alikiangalia kweli. Juu ya kichwa, pale waya unapofungwa kwa nati, palikuwa na kitambaa kilicholowa, kimekunjwa vizuri kama cha mgonjwa wa homa.

"Nani kakuambia umwagie betri maji?"

"Sijammwagia. Nimemkanda."

Nikazima swichi na kuuma meno, nisicheke wala nisigombe. Chini ya kitambaa kutu ya kijani ilikuwa imechanua, na nati imelegea, inazunguka kwa kidole. Nikasugua, nikakausha, nikakaza kwa spana, kisha nikawasha taa zote na feni. Tukakaa tukiisikiliza feni ikinong'ona, mpaka nikasinzia.

Nilipofumbua macho, mama mkubwa alikuwa amekigusa kile kichwa kwa mgongo wa kiganja, kama alivyomgusa baba mkubwa kabla homa haijamchukua. Kitambaa kilikuwa hicho hicho alichomkandia.

"Amepoa," alisema. "Kumbe ni nati tu."

Akakikunja kitambaa mapajani, taratibu.

"Na yule wangu, mwanangu, nati yake ilikuwa wapi?"