Limepimwa kwa Ombeni

Jumatatu saa mbili asubuhi Ombeni alichomeka mashine yake ya kupimia magari chini ya usukani wa basi dogo la Mzee Sadoki, akasubiri. Nje, pale Chapwa, foleni ya malori ya mpakani haikuwa imesogea tangu Jumamosi, na madereva walikuwa wakichemsha chai pembeni ya matairi. Kwenye dashibodi taa ya njano ya injini ilikuwa inawaka. Mashine ilifikiri kidogo, kisha kioo chake kikaandika:

Fausta. Kiti cha nyuma ya dereva. Bomba la breki bado linavuja.

"Ni yeye tena?" aliuliza Lwitiko, kondakta, akitafuna muwa.

"Ni yeye."

"Huyu dada naye hachoki!"

Kwa magari mengine mashine ile ilitoa herufi na tarakimu, kwa Kiingereza, kama ilivyotengenezwa. Kwa basi hili ilitumia Kiswahili, na ikifika kwenye mambo ya nyumbani kwao Iyula, Kinyiha. Fausta alikuwa mdogo wake Ombeni, wa mwisho kwao. Alikufa mwezi wa tatu kwenye mteremko wa Nanyala, basi hili hili lilipokataa kusimama. Dereva alikufa naye, na karatasi za ajali zikaandika kwamba dereva alisinzia.

Wiki moja kabla ya hapo, basi lilikuwa linakwenda kukaguliwa, na taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka. Mzee Sadoki alisema bomba lisubiri kahawa iuzwe. Ombeni akang'oa balbu ya ile taa. Ilikuwa kazi ya dakika nne, na mafundi wote wa barabara ile waliifanya. Basi likapita ukaguzi. Siku ya safari yake Fausta aliacha magari mawili yaondoke bila yeye. Alimwambia mwenzake wa biashara ya maharage kwamba anasubiri lile lililopimwa na kaka yake.

Kwa kuwa taa ya breki haikuwa na balbu tena, sasa Fausta alitumia ya injini.

Ombeni alikwishamfuta kwenye mashine mara tatu. Kila mara taa ilizimika, basi likaondoka, na kabla halijafika Nanyala ikawaka upya. Mara ya kwanza alirudi na jina tu. Mara ya pili akataja kiti. Mara ya tatu akataja bomba, tairi la nyuma kulia, kisha akauliza kama mama ameshapalilia mahindi. Ombeni alimjibu kwa sauti kwamba tayari, akabonyeza kitufe cha kufuta, naye akafutika.

Mzee Sadoki alifika akiwa na koti lake la Jumapili.

"Fundi, ukaguzi ni kesho. Mfute."

"Atarudi, mzee. Ngoja nibadilishe bomba. Ninalo, nililinunua mwenyewe Nakonde. Akikosa cha kusema, atapumzika."

Bomba lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wa kibanda tangu mwezi wa nne. Mzee alilitazama.

"Ukilifunga leo, watu watauliza kwa nini hukulifunga mwezi wa tatu," alisema taratibu. "Wakiniuliza mimi, nitawaambia balbu aling'oa nani. Na mama yako atasikia, mwanangu."

Ombeni aliingia uvunguni. Bomba la zamani lilikuwa limezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, na tone la mafuta lilikuwa limening'inia hapo. Akalifuta kwa kidole. Likaja lingine. Alilala pale hadi mgongo ukapata baridi, kisha akatoka.

Mzee alikuwa ameshika utepe mweusi wa umeme, anaukata kwa meno aizibe taa. Kipande kilikuwa kimekwenda upande. Ombeni hakuweza kuvumilia kazi mbaya kwenye gari lililotoka mikononi mwake. Alichukua mkasi, akakata kipande cha mraba, akakibandika juu ya ile taa, akakilainisha kwa ukucha mpaka hakuna mwanga uliopenya.

"Mambo si hayo!" alisema Lwitiko, akaenda mlangoni. "Iyula! Iyula hii, twende, mama!"

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni na kapu la vitunguu alisimama, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi.

"Breki zipo, wewe? Nasikia hili ndilo lililoua."

"Limepimwa, mama. Limepimwa kwa Ombeni. Mwenyewe si yule pale?"

Mwanamke akamtazama Ombeni. Ombeni akamwamkia.

"Haya," alisema mwanamke, akapanda.

Basi liliondoka likipita kando ya malori. Ombeni alibaki amesimama na mashine mkononi, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote. Baada ya muda kioo kiliwaka, kikaandika kwa Kinyiha:

Nimesogea dirishani, kaka. Mama wa vitunguu amekaa.